Kwa Nini Tuliacha Kuitwa Mamba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, timu yetu ikiongoza kwa goli la mapema na uwanja mzima ukiliimba jina letu, golikipa wetu Gwamaka alivua jezi yake, akaitundika kwenye mlingoti wa goli, akaondoka kifua wazi. Mpira ulikuwa bado unachezwa. Hakuumia, refa hakumtoa, wala hakugombana na mtu. Alipita katikati ya washangiliaji kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akaingia nyumbani kwao, nyumba ile iliyokuwa nyuma ya goli, akafunga mlango.

Mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Nilisimama katikati ya uwanja nikiwa sijui nimwite yeye arudi au nimwite refa asimamishe mpira.

Ninyi vijana mnaoichezea timu yetu leo huniuliza kwa nini wazee wenu walilitupa jina la Mamba. Mmeona picha za zamani kwenye simu zenu, mmeona yule mamba kifuani, mnasema lilikuwa jina kali. Ni kweli, lilikuwa kali. Basi sogeza kigoda nikueleze. Mvua hii ya Kyela unaijua, haina mpango wa kukatika sasa hivi.

Kabla ya kuwa Mamba hatukuwa na jina lolote. Watu wa Ipinda walituita timu ya kule chini, kwa sababu kijiji chetu kiko bondeni, mto unapokaribia kuingia ziwani. Tulicheza na mashati ya kila rangi, na mara nyingine mtu alimpasia adui mpira akidhani ni mwenzake, hasa jua likiwa usoni.

Aliyetuvalisha ni Mzee Sefu, mfanyabiashara wa vitambaa wa Mbugani, kule mjini. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu tuliokulia shambani. Alikuwa akija kijijini kununua mpunga. Siku moja pikapu yake ilikwama kwenye tope, tukaacha mazoezi tukaenda kuisukuma. Baada ya hapo alikaa pembeni akitutazama tukicheza, akicheka peke yake. Aliporudi safari iliyofuata, alikuja na jezi mpya za kijani. Kifuani kulikuwa na mamba aliyefungua kinywa, amechorwa na fundi wa mabango ambaye kibanda chake kilikuwa jirani na duka lake.

"Nyinyi mnakaa na mamba mtoni," alisema, akitugawia moja moja. "Basi kila timu itakayokuja huku ijue imefika kwa nani."

Mwanangu, jezi zile zilitubadilisha hata mwendo. Tulianza kushinda. Nao washangiliaji wakabuni namna yao ya kushangilia. Tukifunga goli, mtu mmoja alipaza sauti, "Mamba!" Watu wote wakanyoosha mikono mbele, mmoja juu, mwingine chini, wakaigonganisha kwa nguvu kama taya, pwaa! "Kameza!" Yule wa kwanza akauliza, "Kabakiza?" Wote wakajibu, "Hakubakiza!" na mikono ikagongana tena, pwaa! Watoto walifanya hivyo njiani wakienda shule. Hata mchungaji wetu nilimwona mara moja akigonganisha mikono, halafu akakumbuka yeye ni nani, akaiingiza mfukoni.

Na unajua ni nani mara nyingi aliyekuwa akianzisha? Ni mdogo wake Gwamaka, binti aliyeitwa Atupele. Alikuwa bado anasoma shule ya msingi, mwembamba, mcheshi, ana sauti ambayo ngoma haikuweza kuifunika. Alikaa barazani kwao, pale nyuma ya goli la kaka yake, na kabla mpira haujatulia wavuni yeye alikuwa ameshapaza, "Mamba!"

Halafu ikaja masika moja mbaya. Mto ulipanda ukaingia mashambani, mpunga ukalala, na mamba wakasogea mahali ambapo hatukuzoea kuwaona. Asubuhi moja Atupele alikwenda mtoni kufua pamoja na shangazi yake Subilaga na akina mama wengine. Mamba akatoka majini akamshika mguu.

Sitakueleza yote. Itoshe tu kwamba akina mama wale hawakukimbia, na mtoto alitoka akiwa hai. Sisi wachezaji ndio tuliombeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani, matope yakitufika magotini. Tulipokezana wote isipokuwa Gwamaka. Yeye alishika mbele tangu mwanzo, na kila aliyetaka kumpokea alimtikisia kichwa tu. Hospitali walifanya kazi yao, mguu ukapona. Siku tulipopata habari kwamba hautakatwa, watu walikumbatiana njiani hata wasiosalimiana.

Kiangazi kilipofika, Atupele alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Sisi tukafyeka majani uwanjani, tukaanza tena mazoezi. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyesema habari ya jina. Vichwani mwetu mamba wa jezini alikuwa kitu kimoja na mamba wa mtoni kitu kingine kabisa. Mtu akiitwa Masika, hufungui mwavuli akiingia. Ndivyo tulivyolichukulia.

Mechi ya kwanza baada ya mvua ilikuwa na vijana wa Talatala. Tulifunga mapema, watu wakanyoosha mikono, pwaa, pwaa, uwanja ukatetemeka. Hapo ndipo Gwamaka alipovua jezi.

Tulimweka beki golini, naye akafanya alivyoweza. Talatala walisawazisha, kisha wakaongeza, na mpira ukaisha tumefungwa nyumbani. Basi maneno yakaanza. Kulikuwa na mtu mmoja, Ambele, fundi wa baiskeli, shabiki asiyekosa mechi na asiyejua kusema polepole. Alisimama juu ya kijiwe akasema kila mtu asikie, "Huyu kanunuliwa! Mtu hatoki golini timu inaongoza. Talatala wamemnunua!" Jua lilipokuwa linazama, kijiji kizima kilikuwa kimeshakubali kwamba Gwamaka ameuza mechi.

Mimi nilicheza na Gwamaka tangu tulipokuwa tunafunga mpira wa matambara kwa kamba za migomba. Sikuamini. Nikaitoa ile jezi kwenye mlingoti, nikaenda kubisha hodi.

Mama yake alinifungulia. Alikuwa mtu mpole, na siku ile alionekana amechoka.

"Karibu, baba," aliniambia. "Gwamaka yuko chumbani kwa mdogo wake. Bado anambembeleza atoke uvunguni."

"Uvunguni, mama?"

"Kaa kwanza." Alinivutia kiti. "Kila mkifunga goli, huyu mtoto anaingia chini ya kitanda. Tangu mazoezi yaanze ni hivyo. Nafunga madirisha, nafungua redio mpaka mwisho. Haisaidii kitu. Ile mikono yenu mnavyoigonga... yeye anasema ule ndio mlio aliousikia mtoni."

Nilikaa. Kutoka chumbani nilisikia sauti ya Gwamaka ikibembeleza, taratibu, kama mtu anayemwita ndama aliyeogopa.

"Mbona hamkutuambia, mama?"

"Mimi nilitaka. Mwenyewe Gwamaka ndiye aliyekataa. Alisema timu ni ya watu wote, asije akaambiwa anaivunja kwa sababu ya ndugu yake. Na mimi nikaona labda ana haki. Watu wanafurahi, nitawaambiaje wasifurahi?"

Gwamaka alitoka, akaiona jezi mikononi mwangu.

"Hiyo usiniletee," alisema. "Na wala sijanunuliwa."

"Najua."

"Leo nilimsikia ananiita. Niko golini, watu wanashangilia, na mimi namsikia mdogo wangu ananiita kwa jina kutoka ndani. Ningesimama pale nadaka nini?"

Niliikunja ile jezi, mamba akabaki kwa ndani, nikamshika bega nikaondoka.

Asubuhi yake niliwaita wachezaji pamoja na kocha wetu, Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha shule ya msingi. Niliwaeleza nilichokiona. Waliinamisha vichwa. Wengine walisema tuwaombe tu watu waache kushangilia namna ile, jina libaki. Ilionekana njia rahisi, tukaishika. Hata Ambele nilimfuata kwenye kazi yake nikamweleza. Alinisikiliza huku anazungusha gurudumu, akasema ataacha kuimba, lakini la kununuliwa hakulifuta. Alikuwa mgumu wa kurudisha maneno.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kucheza Ipinda. Gwamaka hakuja. Watu wetu waliokuja walitimiza ahadi yao, hakuna aliyenyoosha mkono. Lakini Ipinda, mwanangu, walikuwa wanaujua wimbo ule vizuri, maana tuliwaimbia wao zaidi ya watu wote. Na habari za mtoni walikuwa nazo. Walipotufunga goli la kwanza, upande wao wote ulisimama, mikono ikanyooshwa, mmoja juu, mwingine chini.

"Mamba!"

"Kala wa kwao!"

Pwaa!

Sijawahi kusikia uwanja ukinyamaza upande mmoja namna ile. Watu wetu walikuwa wameimba maneno yale kwa miaka, na siku ile ndipo walipoyasikia kwa mara ya kwanza. Vijana wawili watatu wa kwetu waliokota mawe, tukawazuia kwa shida. Nilimtafuta Ambele kwa macho, nikijua yeye ndiye atakayeanzisha ugomvi. Nilimkuta amekaa chini kwenye majani, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Mpira ulipokwisha, Mwalimu Ambakisye alitukusanya nyuma ya pikapu. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Nani bado analitaka hili jina?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi imebaki kumwambia Mzee Sefu."

Hapo ndipo tulipokwama. Jezi zilikuwa zake. Pikapu tuliyoegemea ilikuwa yake. Jina alitupa yeye, na alilipenda hata akamchora mamba yule yule ukutani, nje ya duka lake, mkubwa kuliko mlango. Kulikuwa na waliosema wazi kwamba mzee akikasirika, tutarudi kwenye mashati ya kila rangi na safari za miguu. Mmoja alisema afadhali tuivunje timu yenyewe polepole, kila mtu aache kwa udhuru wake, kuliko kwenda kumtupia mzee zawadi usoni. Tulikaa wiki nzima tukijadiliana ni nani wa kwenda. Mwisho ikaamuliwa niende mimi na kocha.

Tuliondoka alfajiri kwa baiskeli. Tulifika Mbugani duka limefunguliwa, Mzee Sefu amekaa nyuma ya meza anapima kitambaa.

"Ugonile, nahodha," alinisalimu kwa Kinyakyusa, kwa furaha, aliponiona.

"Ndaga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Kaeni, nawaagizia chai."

Mwalimu Ambakisye alianza kwa kuzunguka. Alizungumza habari za barabara, akaja kwenye mpunga, akaenda kwenye kakao, akarudi tena barabarani. Chai ililetwa, ikapoa. Nilimwona Mzee Sefu anatutazama mmoja baada ya mwingine, na nikahisi kwamba kama sitasema sasa, tutarudi nyumbani tukiwa tumeijua barabara peke yake.

"Mzee," nikasema, "tumekuja kuomba ruhusa yako. Tunataka kuliacha jina."

Aliweka mkasi mezani.

"Jina la Mamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa ajili ya yule binti."

Kwa hiyo alijua. Nikamweleza yaliyobaki: uvungu, redio, Gwamaka na jezi yake mlingotini, Ipinda. Alivua kofia yake, akajipangusa paji la uso, akaishika magotini.

"Mtoto yuko hivyo tangu lini?"

"Tangu tuanze tena mazoezi."

"Na nyinyi mmejua lini?"

"Tangu ile mechi ya Talatala."

"Na muda wote huu mlikuwa mnangoja nini?"

Kocha alikohoa. "Mzee, jezi ni zako, gari ni lako, jina ulitupa wewe. Tuliogopa kukuvunjia heshima."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na mara nyingi kwa kelele. Mzee Sefu alitukemea kwa sauti ya chini, na ndiyo ninayoikumbuka.

"Sikilizeni, wanangu. Mimi nikimpa mtu shati, halafu vifungo vyake viwe vinamkwaruza mtoto kila akimbeba, nitafurahi aendelee kulivaa ili watu wanisifu? Mmenifanya mimi mtu wa namna gani? Mtoto yuko chini ya kitanda, nanyi mnashughulika na hasira zangu, na mimi hata sijakasirika! Siku nyingine mkiwa na jambo la mtu anayeumia, msianze kuuliza nani atachukia. Anzeni na anayeumia."

Tulitazama vikombe vyetu. Kisha yeye mwenyewe akashusha pumzi, na sura yake ikalainika.

"Lakini na mimi nina langu," alisema. "Niliposikia habari ya mtoni, kitu cha kwanza nilitaka kuja kuwaambia mlibadilishe. Nikawaza, watasema mzee huyu anatunyang'anya jina letu tukiwa kwenye majonzi. Nikaona nikae kimya. Kila asubuhi nikifungua duka nalipita lile dude ukutani, na moyo wangu unashuka. Nikasema labda vijana wanalipenda, nisiwaudhi."

Mwalimu Ambakisye alinitazama, nami nikamtazama. Sisi tulikuwa tunamwogopa yeye, na yeye alikuwa anatuogopa sisi. Kicheko kilinitoka bila ruhusa. Nilijaribu kukizuia, nikashindwa, na Mzee Sefu naye akaanza, tumbo likitikisika, kofia ikamwanguka miguuni. Tulicheka hadi mteja aliyekuwa mlangoni akadhani tunamcheka yeye.

"Fundi!" Mzee Sefu aliita, bado anajifuta machozi. "Fundi, njoo na rangi nyeupe! Njoo nayo nyingi!"

Fundi wa mabango akaja na ngazi yake. Hakuuliza kitu. Tulisimama barabarani tukimtazama anamfuta mamba, akianzia mkiani. Kulikuwa na muda kidogo ambapo kinywa kilibaki peke yake ukutani, meno yote nje, halafu brashi ikapita, nacho kikaondoka. Mzee Sefu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kuhusu jezi alituambia, "Zivaeni nje ndani mpaka nipate nyingine. Hakuna mpira unaojali." Njia nzima ya kurudi tuliendesha baiskeli tukiongea kwa sauti, tukisalimia kila mtu. Miguu yangu ilikuwa myepesi utadhani njia yote inateremka.

Likabaki la jina jipya. Tulikutana darasani, shuleni kwa Mwalimu Ambakisye, wachezaji, wazazi na yeyote aliyetaka. Mtu mmoja akapendekeza Chui. Bibi mmoja akauliza, "Chui naye si anakula watu?" Mwingine akasema Kiboko, na darasa zima likamzomea, maana viboko tunawajua sisi. Ndipo kijana mmoja akasimama kwa heshima akasema timu ipewe jina la Atupele. Wengi wakapiga makofi. Lilionekana jambo zuri.

Baba yake Gwamaka na Atupele, Mzee Asajile, aliinua mkono.

"Nawashukuru, ndaga fijo," alisema. "Lakini mkienda huko mkafungwa tano bila, watu watasema nini? Watasema Atupele kafungwa tano. Mwanangu ana shida zake tayari. Msimwongezee za kwenu."

Darasa liliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu masika.

Shangazi Subilaga alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakuwa msemaji kwenye mikutano. Aliposimama watu walinyamaza, kwa sababu tulijua ndiye aliyekuwa karibu zaidi siku ile, na hakuwahi kuisimulia mbele za watu.

"Watu wananiambia nina nguvu," alisema. "Sina. Yule mnyama ana nguvu kuliko mimi na ninyi wote. Mimi nilimshika tu mtoto mkono. Nikaona naye ananivuta, miguu yangu inateleza. Mama Lusajo akanishika kiuno. Mwenzake akamshika yeye. Mwingine akaja. Tukashikana vile mpaka juu kwenye majani. Yule alivuta, sisi tukavuta, ikafika mahali akachoka yeye. Basi. Hakuna aliyekuwa na nguvu. Tulishikana."

Akakaa.

Hakuna aliyepiga kura. Mwalimu Ambakisye aligeuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni neno moja: TUSHIKANE. Akaligeukia darasa. Mama Lusajo alikuwa analia, na baadhi ya wachezaji wetu wakubwa walikuwa wanatazama dari kana kwamba kuna kitu cha kutazama huko.

Jioni ile Ambele alikwenda nyumbani kwa Gwamaka na mkungu wa ndizi begani. Alisimama mlangoni muda mrefu. Alichosema nilisimuliwa na mama yao: "Nilisema neno baya juu ya mwanao. Nitalisema tena pale pale nilipolisema, lakini safari hii kwa kulifuta." Na Jumapili alipanda juu ya kijiwe kile kile, akalifuta kwa sauti ile ile isiyojua polepole.

Mechi yetu ya kwanza kwa jina la Tushikane ilikuwa na Talatala tena. Tulivaa jezi nje ndani, nyuzi za mishono zinaonekana, wenzetu wakitushangaa. Gwamaka alirudi golini. Tulipofunga goli, watu wetu waliruka, wakanyoosha mikono mbele kwa mazoea, halafu wakakumbuka. Ungewaona! Umati mzima umesimama na mikono hewani, hakuna anayejua pa kuipeleka. Mtu mmoja akamshika jirani yake mkono ili tu mikono yake ipate kazi, huyo akamshika mwingine, na hivyo hivyo hadi kwenye kona.

Nilitazama nyuma ya goli letu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama yao alitoka na mkeka, akautandika barazani, na nyuma yake Atupele akatoka na fimbo yake, akakaa. Madirisha yote yalikuwa wazi.

Gwamaka naye alimwona. Tatizo ni kwamba hakuacha kumtazama. Mshambuliaji wa Talatala alipiga shuti dhaifu kutoka mbali, shuti la kuokotwa, mpira ukaviringika taratibu ukampita golikipa wetu miguuni akiwa amegeuzia uso wake barazani. Likawa goli. Ndipo ile sauti tuliyokuwa hatujaisikia tangu masika ikatoka pale mkekani, kali kama zamani:

"Gwamaka! Tazama mpira, usinitazame mimi!"

Mwanangu, kicheko kilichozuka pale kiliwashika hata Talatala. Refa alishindwa kupuliza filimbi. Gwamaka aliuchukua mpira wavuni akauinua kumwonyesha dada yake, kama kumwambia nimekusikia. Mechi iliisha sare, na watu walirudi nyumbani wakiimba kuliko siku tulizoshinda.

Atupele leo ni mama wa watu wazima. Ana shamba lake la kakao upande wa Ipinda, anachechemea kidogo kukiwa na baridi, na timu ikicheza vibaya anasema wazi kama zamani. Ukitaka kujua zaidi muulize mwenyewe. Sasa anaweza kuisimulia.

Basi nasaha yangu ni hii. Jambo likiwapendeza watu wengi, usione tabu kuuliza kama kuna mmoja linayemuumiza, na uulize mapema, kwa sababu yeye atanyamaza asije akawaharibia furaha. Ukimjua, nenda kwake kwanza kabla hujaanza kupima hasira za wakubwa. Wakubwa wengi wana huruma kuliko unavyowafikiria. Wanangoja mtu aanze kusema. Na ukija kuwa mkubwa wewe, ukatoa kitu kwa mkono wako, usingoje wakuogope. Wafuate uwaulize kama bado kinawafaa. Jina ni la kuwatumikia watu. Siku likianza kuwatesa, wanaweza kuliweka chini bila aibu, na timu ikabaki timu, na watu wakabaki watu.

Nenda sasa, mvua imepungua, wenzako wanakungoja uwanjani. Miguu yako iwe na afya, ulimi wako uwe mwepesi kumtetea anayenyamaza, na nyumba yako isikose mtu wa kukushika siku utakapoteleza. Kyala akusaje, mwanangu. Mungu akubariki wewe na wote utakaocheza nao.